Subira kwa Mtoto wa Miaka Miwili: Imani ya Kikristo Katika Nyumba za Kiriri

Kati ya umri wa mwaka mmoja na miaka mitatu mtoto hujifunza kutembea, kusema, kutaka na kukataa, na mambo hayo manne hayakui kwa mwendo mmoja. Miguu hutangulia, ulimi huchelewa, na utashi huamka kabla ya akili ya kuuongoza. Ndiyo maana umri huo humchosha mlezi kuliko hata nyakati za usiku za kunyonyesha za mwaka wa kwanza. Mzazi Mkristo aliyeahidi mbele ya kanisa kumlea mwanawe katika imani huanza hapo kujiuliza ahadi hiyo inamtaka afanye nini mtoto anapojitupa sakafuni na kupiga mayowe. Swali lenyewe si dogo. Je, subira ya mzazi ni hulka ambayo wengine wamejaliwa na wengine wamenyimwa, ni mbinu ya kujifunza, au ni sehemu ya imani yenyewe?

Mtaa wa Kiriri uko kwenye miteremko ya mashariki mwa jiji la Bujumbura. Kutoka huko mtu huliona jiji lote chini yake, kisha Ziwa Tanganyika, kisha milima ya Kongo inayosimama juu ya Uvira. Hapo ndipo ilipo kampasi ya Kiriri ya Chuo Kikuu cha Burundi, katika majengo ambayo Wajesuiti waliyajenga miaka ya 1950 kwa ajili ya shule yao, Collège du Saint-Esprit. Ni mtaa wa watu wenye nafasi: nyumba zenye uzio, geti la chuma, mlinzi getini, na ndani yaya na mpishi. Wakazi wengi ni Wakristo, kama ilivyo Burundi nzima, Wakatoliki wakiwa wengi zaidi, pamoja na Wapentekoste, Waanglikana, Wamethodisti na Marafiki (Quakers). Kwa mambo ya malezi mtaa huu una jambo moja la kuangaliwa. Katika mitaa ya chini, Buyenzi au Kamenge, mtoto anayelia husikiwa na majirani kumi, na mmoja wao atakuja kumchukua. Kiriri ukuta ni mrefu, na kilio hubaki ndani.

Saa ngumu inajulikana na kila nyumba: ni ile ya kuelekea saa kumi na mbili jioni. Jua linashuka nyuma ya milima ya Kongo, baba na mama wamerudi kazini wamechoka, maharagwe bado yako jikoni, na mtoto hakulala vya kutosha mchana. Yaya anamletea uji katika kikombe cha bluu. Mtoto anataka chekundu. Chekundu kinaoshwa, uji unahamishiwa humo, na sasa mtoto anautaka uji wa kwanza, ule uliokuwa katika kikombe cha bluu, ambao haupo tena. Anajitupa chini, anapiga vigae kwa visigino, analia mpaka anakosa pumzi. Mkubwa anayetazama huona ujeuri. Mtoto mwenyewe yumo ndani ya msiba: kitu alichokitaka kimetoweka, naye hana neno la kukiitia.

Kabla ya kuuliza imani inasema nini juu ya tukio hilo, ni haki kujua ni tukio la namna gani. Mwaka 2003 Michael Potegal na wenzake walichapisha nchini Marekani utafiti uliotokana na masimulizi ya wazazi wa watoto wa miezi 18 hadi 60. Waliona kwamba hasira nyingi za namna hii hukwisha ndani ya dakika tano. Waliona pia kwamba ghadhabu hupanda haraka mwanzoni kisha hushuka, na kinachobaki ni huzuni na haja ya kubembelezwa. Mtoto aliyekuwa akirusha mateke dakika tatu zilizopita ndiye huyo anayenyoosha mikono abebwe. Mlezi anayempiga mwishoni mwa kilio humpiga mtoto ambaye ukaidi umekwisha kumtoka na amebaki na majonzi tu.

Sehemu ya ubongo inayomwezesha mtu kujizuia, iliyo nyuma ya paji la uso, huendelea kukomaa hadi mtu apitapo miaka ishirini. Kumtaka mtoto wa miezi ishirini ajizuie kama mkubwa ni kumdai asichonacho. Lugha nayo inampungukia. Katika nyumba nyingi za Kiriri mtoto husikia Kirundi kwa yaya, Kifaransa kwa wazazi na Kiswahili kwa wageni. Wingi huo wa lugha haumdhuru, lakini katika umri huu, kwa lugha yoyote ile, anaelewa mengi kuliko anayoweza kuyasema, na pengo hilo ndilo linalolia. Usingizi pia una sehemu yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linamtaka mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili alale kati ya saa 11 na 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukihesabiwa. Mtoto aliyekeshwa sebuleni na wageni hadi saa nne usiku atalipiza kesho yake jioni, na hatakuwa amekosa.

Elimu ya uhusiano wa mtoto na mlezi wake ina sehemu ya asili yake hapa Afrika Mashariki. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda mwaka 1954, akafanya kazi na taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere, akatembelea familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala. Aliketi sebuleni akitazama jinsi watoto wachanga wanavyotambaa mbali na mama zao, wanavyogeuka kumtazama, na wanavyorudi. Kitabu chake juu ya watoto hao wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Aliyoyaona kwa mama wa Kiganda yakawa msingi wa jambo linalofundishwa leo ulimwenguni kote: mtoto mwenye uhakika wa kupokelewa akirudi ndiye anayethubutu kwenda mbali. Mtoto anayeng'ang'ania sketi ya mama hajadekezwa kupita kiasi. Mara nyingi hana hakika bado kama mama atakuwepo.

Kuhusu subira yenyewe, Wakristo wa Afrika wana hazina ambayo haitajwi vya kutosha makanisani mwao. Waandishi watatu wa kwanza wa Kilatini walioandika vitabu mahsusi juu ya fadhila hiyo walikuwa watu wa Afrika ya Kaskazini: Tertuliano wa Karthago mwanzoni mwa karne ya 3, Sipriano askofu wa mji huohuo mwaka 256, na Augustino wa Hippo mwanzoni mwa karne ya 5. Tertuliano anaanza kwa kukiri kwamba yeye mwenyewe hana subira, na kwamba anaizungumzia kama mgonjwa anavyozungumzia afya. Ukiri huo unafaa kubandikwa katika kila darasa la wazazi, kwa kuwa wanaofundisha malezi mara nyingi husema kana kwamba hawajawahi kumfokea mtoto. Sipriano anakwenda mbali zaidi. Kwake subira haianzii kwa binadamu bali kwa Mungu, anayewaangazia jua wema na wabaya pamoja na kungoja. Anayesubiri anashiriki tabia ya Mungu. Kwa mtazamo huo mzazi anayengoja dakika tano kando ya mtoto anayelia hajapoteza wakati wa kufanya jambo la maana. Hilo lenyewe ndilo jambo la maana.

Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliongeza uchambuzi unaomgusa mzazi moja kwa moja. Alifundisha kwamba adui wa kwanza wa subira ni huzuni: subira ni nguvu inayoizuia huzuni isiishinde akili. Mwenye kumjua mtoto wa miaka miwili atakubali. Mzazi hafoki kwa sababu uji umemwagika. Anafoka kwa sababu amechoka, kwa sababu alitumaini jioni tulivu, na zaidi ya yote kwa sababu anaona aibu. Mtoto akijigaragaza nyumbani hakuna anayejali sana. Akijigaragaza katika kanisa kuu la Regina Mundi siku ya Jumapili, mbele ya wakwe na wafanyakazi wenzake baba, anafinywa kwa siri chini ya benchi. Finyo hilo halimfundishi mtoto heshima ya ibada. Linamlinda mzazi na macho ya watu. Kutambua kwamba hasira imezaliwa na aibu ni nusu ya kuishinda, na ni mahali ambapo imani ina neno la kusema: mbele ya Mungu mzazi hahukumiwi kwa ukimya wa mwanawe.

Hata hivyo kuna hoja nzito upande wa pili, na haifai kupitwa kwa haraka. Biblia inazungumzia fimbo, Kanisa linafundisha dhambi ya asili, na Kiswahili chenyewe kinasema samaki mkunje angali mbichi. Je, mtoto anayejitupa chini si mwasi mdogo anayepaswa kuvunjwa mapema?

Augustino mwenyewe, katika Maungamo, anasimulia kwamba aliwahi kumwona mtoto mchanga asiyejua kusema akimtazama kwa wivu mwenzake aliyenyonya titi lilelile. Kutokana na hilo alihitimisha kwamba kinachoitwa kutokuwa na hatia kwa watoto ni udhaifu wa viungo vyao, wala si usafi wa moyo. Maneno hayo yamewapa wakali wengi silaha. Lakini katika kitabu hichohicho Augustino anakumbuka alivyopigwa shuleni alipokuwa mdogo, alivyomwomba Mungu kwa bidii asipigwe, na jinsi wakubwa, wakiwemo wazazi wake waliompenda, walivyomcheka. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, akiwa askofu, jeraha hilo lilikuwa bado linauma kiasi cha kuandikwa. Mafundisho yake juu ya dhambi ya asili hayamweki mtoto kizimbani peke yake. Yanamweka mzazi hapohapo kando yake, naye akiwa na kosa kubwa zaidi, kwa kuwa ana nguvu na ana akili timamu. Ikiwa wote wawili wanahitaji neema, mmoja hawezi kujifanya hakimu safi wa mwenzake.

Kitabu cha Mithali kinapotaja fimbo, karibu kitabu chote kinazungumza na kijana anayeonywa juu ya marafiki wabaya, dhamana za mikopo, divai na wake za watu. Huyo si mtoto wa miezi ishirini anayelilia kikombe. Kuichukua mistari hiyo na kuishusha juu ya mgongo wa mtoto ambaye hajui kuunganisha maneno matatu ni kulitumia Neno vibaya. Paulo, akiwaandikia Waefeso na Wakolosai, aliwaelekea akina baba na kuwaonya wasiwachokoze watoto wao hadi wakakata tamaa. Aliandika hivyo katika dola ambamo sheria ilimpa baba mamlaka makubwa mno juu ya mwanawe. Onyo hilo lilikuwa jipya. Inafaa pia kukumbuka kwamba liliwaelekea akina baba, na katika nyumba nyingi za Kiriri, kama kwingine Afrika Mashariki, baba huona mambo ya mtoto wa miaka miwili hayamhusu mpaka zamu ya adhabu ifike.

Wakristo wa baadaye hawakukubaliana. Susanna Wesley, mama wa John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alimwandikia mwanawe barua mwaka 1732 akieleza jinsi alivyowalea. Watoto wake, wakitimiza mwaka mmoja, walifundishwa kuiogopa fimbo na kulia kwa sauti ya chini. Alikuwa mama mwenye haki kwa namna yake: mtoto aliyekiri kosa hakupigwa, na hakuna aliyeadhibiwa mara mbili kwa kosa moja. Tena alitenga muda kila wiki wa kuzungumza na kila mtoto peke yake. Nyumba yake ilikuwa na mpangilio ambao wazazi wengi wa leo wangeutamani. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kila kukataa kwa mtoto ni uasi dhidi ya Mungu, na kwamba utashi lazima uvunjwe kwanza ndipo uongozwe. Utashi uliovunjwa hauwezi kumpenda Mungu wala mtu, kwa kuwa kupenda ni kazi ya utashi huohuo.

Zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu kabla yake, Yohane Krisostomo, aliyekuja kuwa askofu wa Konstantinopoli, aliandika kitabu kidogo cha kuwafundisha wazazi, akatoa shauri tofauti. Alimwambia baba asizoee kumpiga mtoto, maana mtoto aliyezoea kipigo hujifunza kukidharau. Aliye na busara hutumia zaidi neno la upole, ahadi na uso wake mwenyewe. Mwaka 1877 Don Bosco wa Torino aliandika muhtasari wa malezi yake ya kuzuia kosa kabla halijatokea, akiyajenga juu ya akili, dini na upendo unaoonekana. Watawa wake, Wasalesiani, wanawahudumia vijana Buterere, kaskazini mwa Bujumbura. Don Bosco alikuwa na vijana wakubwa mbele yake, lakini kanuni yake inamfaa mtoto wa miaka miwili kuliko mtu yeyote. Nyumba inayotia jiko la makaa mahali asipofika mtoto, inayofunga geti kabla hajaiona barabara ya mteremko, na inayomlisha kabla hajafikia njaa ya kulia, imeshazuia nusu ya mapambano ya siku.

Kuzuia si kulegea. Methali inasema mchelea mwana kulia hulia yeye, na wanaoitumia kutetea kiboko hawajaisikiliza vizuri. Inamwonya mzazi anayekiogopa kilio. Mzazi huyo anaweza kushindwa kwa njia mbili. Anaweza kumpa mtoto kila akitakacho ili anyamaze, au anaweza kumpiga ili anyamaze. Wote wawili wamekichelea kilio, na wote wawili wamekitaka kikome haraka. Subira ni njia ya tatu: mzazi anasema hapana, anaikalia hapana yake, na anamwacha mtoto alie akiwa karibu naye. Kwa hiyo mwenye subira ndiye mwenye msimamo. Anamshika mkono mtoto anayekimbilia barabarani, anamwondoa mahali pa hatari bila hotuba, anamchagulia vitu viwili badala ya kumwuliza anataka nini, anasema maneno machache, na analolisema analitimiza. Kilio cha mtoto aliyekataliwa kisu hakihitaji kuadhibiwa. Kinahitaji kusindikizwa mpaka kiishe.

Biblia inapomwonyesha Mungu katika nafasi hiyo, inamwonyesha akiwa na mtoto wa umri huuhuu. Nabii Hosea, katika sura ya 11, anamweleza Mungu kuwa ndiye aliyemfundisha Efraimu kutembea, akimshika mikono, akainama kumlisha, na mtoto hakutambua ni nani aliyekuwa akimponya. Kumbukumbu la Torati, sura ya 1, inasema Bwana aliwabeba Waisraeli jangwani kama baba ambebavyo mwanawe. Israeli wa jangwani walikuwa na kila tabia ya mtoto wa miaka miwili: walilia chakula, walipopewa wakakitaka kingine, wakaikumbuka Misri kwa machozi. Miaka arobaini ilipita. Mungu aliyewatoa utumwani kwa usiku mmoja hakuona aibu kutumia miaka hiyo yote kuwafundisha kutembea.

Kuna jambo zaidi katika imani ya Kikristo, ambalo halimo katika falsafa ya Wastoa wala katika vitabu vya saikolojia: Mungu mwenyewe amewahi kuwa na miaka miwili. Injili ya Mathayo inasema Herode aliamuru kuuawa kwa watoto wa Bethlehemu wa miaka miwili na wa chini yake. Kwa hesabu hiyo Yesu alivushwa mpaka kwenda Misri katika umri wa kubebwa na kulia njiani. Familia za Warundi zilizovuka kuingia Tanzania zikiwa na watoto migongoni, hadi kambi ya Nyarugusu, zinaijua safari hiyo bila kuelezwa. Luka anasema kwamba Yesu alikua katika hekima na kimo. Aliyekua katika hekima alianza na kidogo. Yusufu na Maria walimngoja aseme, walimngoja atembee, walimpangusa pua. Na alipokuwa mtu mzima, wanafunzi walipowafukuza watoto walioletwa kwake, Marko anaandika kwamba alikasirika. Hasira yake iliwaelekea wakubwa. Watoto aliwakumbatia.

Mafundisho haya humfikia mzazi ambaye naye ana historia. Mtu aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1993 sasa ana zaidi ya miaka thelathini, umri kamili wa kulea. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na vita vilivyofuata viliendelea zaidi ya miaka kumi. Wazazi wengi wa leo waliupitisha umri wa kujifunza kusema wakiwa vichakani, makambini, au katika mitaa iliyogawanyika. Wakati ule mtoto aliyelia usiku angeweza kuwafichua watu wote waliojificha pamoja naye, na mama alimziba mdomo kwa upendo na hofu. Mtu aliyenyamazishwa hivyo, akisikia leo kilio kikali ndani ya nyumba yake mwenyewe, mwili wake huweza kushtuka kana kwamba hatari imerudi, hata kama akili inajua ni kikombe tu. Kumwambia huyo awe na subira, basi, bila kumsaidia, ni kumtwisha mzigo juu ya mzigo. David Niyonzima, mchungaji wa Kanisa la Marafiki aliyenusurika mauaji ya 1993, alianzisha shirika la THARS kwa ajili ya uponyaji wa majeraha ya namna hiyo, na kazi hiyo inahusu malezi hata pale ambapo mtoto hatajwi.

Hapo pia inaonekana tofauti kati ya subira ya Kikristo na ustahimilivu wa mtu mwenye moyo mgumu. Mgumu akishindwa mara moja, sifa yake imekwisha. Mkristo aliyemfokea mtoto ana mahali pa kurudi. Anaweza kupiga magoti mpaka macho yake yalingane na ya mtoto, akamwomba radhi kwa sauti ya chini. Mtoto wa miaka miwili hataelewa maneno yote. Ataelewa sauti, uso na mikono. Atakuwa amejifunza toba kabla ya kujifunza neno lake, kama anavyojifunza sala: kwa kuona mkono wa mama ukifanya ishara ya msalaba, kwa kusema amina mahali pasipostahili, kwa kubarikiwa kwenye paji la uso kabla ya taa kuzimwa. Ibada fupi ya dakika mbili kila usiku inamfaa kuliko saa tatu za Jumapili anazokaa akikatazwa. Kanisa linalomruhusu mzazi kutoka nje na mtoto wake bila kutazamwa vibaya limeelewa Marko sura ya 10.

Kitabu cha Hesabu, sura ya 11, kina malalamiko makali ya mlezi aliyechoka. Musa anamwuliza Mungu kama ni yeye aliyewachukulia mimba watu hawa wote, hata aambiwe awabebe kifuani kama mlezi abebavyo mtoto anyonyaye, na anaomba afe kuliko kuendelea. Mungu hamkemei kwa kukosa subira, wala hamhubirii juu ya uvumilivu. Anamwagiza akusanye wazee sabini, na roho iliyo juu ya Musa inawekwa juu yao, wabebe mzigo pamoja naye. Jibu la uchovu wa mlezi ni watu. Warundi husema mtoto si wa mtu mmoja, na wasimamizi wa ubatizo waliwekwa kwa sababu hiyohiyo, ingawa katika familia nyingi kazi yao huishia kwenye picha na zawadi ya siku ile.

Kiriri mzigo huo umeshagawanywa, lakini kwa mtu mmoja tu. Ni yaya anayekaa na mtoto tangu alfajiri, mara nyingi msichana aliyetoka sehemu za ndani ya nchi kama Kayanza au Ngozi, ambaye pengine ameacha wadogo zake huko. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2016–2017 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Msichana aliyekulia katika hali hiyo anamtazama mtoto wa bosi akimwaga kikombe kizima cha uji kwa sababu ya rangi ya kikombe. Subira anayodaiwa hapo ni kubwa kuliko ya mama mwenye nyumba, na mshahara wake ni mdogo. Yeye naye hufokewa mtoto akilia. Mzazi anayemhubiria mwanawe upole huku akimtukana yaya mbele yake anamfundisha mtoto, kwa mfano ulio wazi kuliko sala zote za jioni, kwamba upole ni wa watu fulani. Mtoto wa miaka miwili huiga kila anachokiona, na sauti ya kwanza ya dharau katika kinywa chake huwa ameisikia mahali.

Amri ya siku ya mapumziko, katika Kutoka sura ya 20, inamtaja mtumishi wa kiume na wa kike, na Kumbukumbu la Torati sura ya 5 inaeleza sababu: wapumzike kama bwana wao anavyopumzika. Familia ya Kiriri inayokwenda kusali kila Jumapili huku yaya akibaki na mtoto tangu asubuhi hadi usiku, mwezi baada ya mwezi, haijaitimiza amri hiyo. Impe siku yake kamili, na siku hiyo baba ambebe mwanawe.